Mkoba wa Utafiti Ubuniwe Kuanzia Nyumbani kwa Mshiriki

Utafiti wa afya umetoka hospitalini na kuingia majumbani. Zamani mshiriki aliitwa kituoni, akaketi kwenye benchi, akatolewa damu na kurejea kwake. Siku hizi, katika tafiti nyingi, hukabidhiwa mkoba wenye vifaa, karatasi ya maelezo na namba ya utambulisho, akaombwa ajichukulie mwenyewe tone la damu, mkojo, kinyesi, mate au ute wa ukeni, kisha aurudishe mkoba huo kwa watafiti. Mabadiliko haya ni ya heri. Yanampunguzia mgonjwa nauli na foleni, yanamfikia mama mwenye mtoto mchanga na mkulima aliyebanwa na palizi, na yanawawezesha watafiti kuwajua watu ambao hawafiki hospitalini mpaka wazidiwe.

Lakini mkoba unaoingia nyumbani huingia pamoja na madai yake. Hudai meza safi, maji, mwanga, faragha, saa, mahali pasipo joto, mahali pa kutupia taka na njia ya kuurudisha. Aliyeubuni akiwa katika ofisi yenye kiyoyozi hakuyahesabu hayo kuwa madai, kwa kuwa yeye anayo yote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hoja yangu katika makala haya ni moja: mkoba wa utafiti unapaswa kubuniwa kuanzia kwenye chumba atakamoufungulia mshiriki mwenye kipato kidogo kabisa, na kila ambacho chumba hicho hakina, ama kiwekwe ndani ya mkoba ama kiondolewe katika masharti. Tusipofanya hivyo tunawaonea washiriki, na papo hapo tunauharibu utafiti wenyewe.

Joto la chumba kipi?

Tumfikirie mama anayeishi na watoto wake watatu katika chumba kimoja cha kupanga huko Mbagala. Paa ni la bati lisilo na dari. Choo na bafu ni vya wapangaji wote. Umeme upo pale anapoweza kununua, na simu ni moja kwa nyumba nzima. Amekubali kwa hiari yake kushiriki katika utafiti, na karatasi ya maelezo inamwambia ahifadhi vifaa katika joto la kawaida la chumba.

Kwa mtu wa maabara, maneno hayo humaanisha takribani nyuzi 20 hadi 25. Mchana wa Januari jijini Dar es Salaam, joto la nje peke yake hupita nyuzi 30, na chini ya bati huzidi hapo. Vitendanishi vingi vya haraka vya malaria huelekezwa na watengenezaji vihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 30, na vingine lisilozidi nyuzi 40. Mama huyu anaweza kutii maelezo neno kwa neno na bado kipimo kikaharibika. Kikiharibika, kumbukumbu za utafiti zitaandika kwamba mshiriki hakuhifadhi vizuri. Kosa la aliyeandika maelezo limehamishiwa kwa aliyeyasoma.

Mfano wa pili ni tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi maalumu. Njia hii ilienezwa na Robert Guthrie wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwapima watoto wachanga, na leo hutumika sana nchini mwetu kuwapima virusi vya UKIMWI watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Ni teknolojia inayomfaa mtu asiye na friji: hutobolewa kidole au kisigino tu, damu hukauka, na karatasi husafiri katika bahasha. Hata hivyo ina sharti. Karatasi hiyo ilazwe bapa kwa muda wa saa 3 au 4, au zaidi penye unyevu mwingi kama pwani, mbali na jua, vumbi na wadudu, ndipo ifungwe katika mfuko pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Sasa, katika chumba kimoja chenye watoto watatu, italazwa wapi kwa saa hizo zote? Nzi na sisimizi hawajasoma itifaki. Kijisanduku cha karatasi ngumu kinachokunjuka, chenye matundu madogo ya hewa na kitanzi cha kukitundikia ukutani, kingelimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali hilo mapema.

Saa nazo hudai. Kipimo cha kujipima virusi vya UKIMWI kwa ute wa kinywani kinachotumika kwa wingi husomwa baada ya dakika 20, na hakipaswi kusomwa baada ya dakika 40. Mayai ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaofahamika vyema Unguja na Pemba, hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Utafiti unaomwomba mtoto mkojo wa alfajiri kwa sababu ndio unaowahi gari la watafiti utapata mayai machache kuliko yaliyopo. Mayai hayo huzama chini ya chombo, hivyo asiyeambiwa atikise kabla ya kumimina anaweza kuyaacha nyuma. Katika uchunguzi wa minyoo ya safura kwa njia ya Kato-Katz, mayai hufifia na kupotea machoni pa mpimaji ikiwa kioo hakikusomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya kuandaliwa. Sampuli ina tabia zake, na haimsamehe mtu kwa sababu ni maskini. Ndiyo maana kazi ya kumsaidia mshiriki azitimize tabia hizo ni ya mbunifu wa mkoba.

Wanaopotea njiani

Baadhi ya wenzangu watasema: sampuli chache zikiharibika, tutaongeza idadi ya washiriki. Jibu hilo lingetosha kama sampuli zingekuwa zinaharibika kwa bahati nasibu. Ukweli ni kwamba huharibika kwa mpangilio. Anayepoteza sampuli ni yule asiye na friji, asiye na saa, asiye na nauli ya kurudisha mkoba, anayeamka saa 10 alfajiri kwenda sokoni na kurejea usiku. Mwenye nyumba ya vyumba vinne na gari la kumfikisha kituoni, sampuli yake hufika ikiwa salama. Ukiongeza washiriki 100, unaongeza tena wale wale wenye uwezo, na wasio nao wanapotea tena.

Matokeo yake ni takwimu zinazozungumza kwa niaba ya watu ambao hawamo ndani yake. Tutaandika kwamba maambukizi ni ya kiwango fulani katika wilaya fulani, ilhali tumewapima wale tu waliomudu kushiriki. Dawa zitagawanywa, bajeti zitapangwa na miongozo itaandikwa kwa kufuata takwimu hizo. Mama wa Mbagala ataathirika mara mbili: kwanza alipoambiwa ameharibu sampuli, na pili huduma zitakapopangwa kana kwamba hayupo.

Vifaa vyenyewe pia hubeba sura ya miili iliyotumika kuvitengeneza. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba vipima oksijeni vya kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi ya vilivyoshindwa kwa wagonjwa Weupe. Vifaa hivyo hivyo hutiwa katika mikoba ya utafiti barani Afrika. Mkanda wa mashine ya kupimia shinikizo la damu ukiwa mdogo kuliko mkono wa mshiriki, huonyesha shinikizo la juu kuliko lilivyo. Mkoba wenye mkanda wa kipimo kimoja utawapa baadhi ya watu ugonjwa wasio nao. Kifaa kinachobebeka kwa urahisi hakina budi pia kiwe kimejaribiwa kwa watu watakaokitumia.

Urahisi wa bei hautoshi

Tusiidharau kazi nzuri iliyokwisha kufanyika. Manu Prakash na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza mwaka 2014 hadubini ya karatasi inayokunjwa, ambayo vipande vyake hugharimu chini ya dola 1 ya Marekani. Mwaka 2017 walitangaza mashine ya karatasi ya kutenganisha damu, iliyobuniwa kwa kuiga kichezeo cha watoto cha kisahani na uzi: ina uzito wa gramu 2, hugharimu takribani senti 20 za dola, na kwa kuvutwa kwa mikono tu huzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa na vigezo vya vipimo vinavyofaa mazingira duni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: viwe vya bei nafuu, sahihi, rahisi kutumia, vya haraka, visivyotegemea mitambo na vinavyomfikia mhitaji.

Yote hayo yanahusu kifaa. Mkoba ni zaidi ya kifaa. Mkoba ni safari nzima: kukabidhiwa, kuelewa, kuficha, kutumia, kuhifadhi, kurudisha na kupata majibu. Kifaa cha senti 20 kinachomlazimu mshiriki apande daladala mbili na bodaboda moja ili kukirudisha ni kifaa ghali. Tofauti ni kwamba gharama yake haimo katika bajeti ya mradi, imo katika mfuko wa mshiriki.

Mfano ulio hai ni upimaji wa virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya virusi hivyo, na likakubali mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe. Kijiti chenye pamba hakihitaji sindano wala kitanda cha uchunguzi, na kikiwa kikavu hustahimili siku kadhaa bila friji. Hapa sayansi imemkaribia mwanamke wa kipato cha chini kuliko wakati wowote. Bado mkoba unaweza kumwangusha. Ukiwa mkubwa na una jina la mradi kwa herufi nene, wapangaji wote watajua anachokwenda kufanya bafuni. Maelezo yakiwa na mchoro wa mwili uliokatwa nusu kama ulivyo katika vitabu vya anatomia, wengi hawatautambua kuwa ni mwili wao. Majibu yakitumwa kwa ujumbe wa simu, atakayeusoma kwanza anaweza kuwa mume, mtoto au jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti; ulinzi huo unapaswa kuanzia kwenye kitambaa cha mkoba, kabla haujafika kwenye kompyuta. Mkoba mzuri hutosha ndani ya kikapu cha sokoni, hauna maandishi nje, na mwenyewe anaweza kuulizwa umebeba nini akajibu bila kuona haya.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni fedha. Kuweka kijisanduku cha kukaushia, kitochi kidogo, sabuni, saa ya mchanga na nauli ya kurudi huongeza gharama ya kila mkoba. Ni kweli. Lakini sampuli iliyoharibika nayo imekwisha kugharimu: kitendanishi, mshahara wa aliyeipeleka, mafuta ya gari la ufuatiliaji na muda wa mshiriki. Mtafiti aziweke gharama zote mbili katika jedwali moja kabla ya kusema kwamba haiwezekani.

La pili ni la maadili: kwamba kumpa mshiriki vitu na fedha ni kumvuta kwa ushawishi usiofaa. Hofu hii ina msingi palipo na malipo makubwa yanayomfanya mtu afumbe macho asione hatari. Kumrudishia mtu nauli aliyoitumia kwa ajili yetu si ushawishi, ni kulipa deni. Na sabuni inayohitajika ili damu ichukuliwe kwa usafi ni kifaa cha utafiti kama ilivyo karatasi ya damu.

La tatu ni la kisayansi: kwamba tukibadili mkoba kwa kila mazingira, hatutaweza kulinganisha matokeo. Pingamizi hili linahitaji kutenganisha mambo mawili. Kinachoigusa sampuli, yaani karatasi, kichupa, kiasi na muda, kibaki kile kile kila mahali. Kinachomgusa mtu, yaani mfuko, maelezo, njia ya kurudisha na saa ya kukusanya, kibadilike ili kile cha kwanza kipate kubaki sawa. Kulazimisha mfuko mmoja kwa watu wa Masaki na watu wa mwambao wa Rufiji hakuleti usawa wa sampuli.

Ya kufanya

Napendekeza mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya.

Kwanza, kila mradi uandike orodha ya madai ya mkoba wake: maji, mwanga, faragha, joto, muda, kusoma, simu, nauli, taka. Mbele ya kila dai iandikwe ni nani atakayelitimiza. Palipoandikwa "mshiriki", swali liulizwe tena.

Pili, kabla ya kuagiza mikoba mingi, ichache ipelekwe katika nyumba za watu wa kipato cha chini, nao waufungue mkoba huku mtafiti akitazama kimya, bila kuelekeza. Wanapokwama ndipo penye kosa la ubunifu. Watu hao walipwe, kwa kuwa wamefanya kazi ya ubunifu. Azimio la Helsinki lililorekebishwa mwaka 2024 linataka jamii ishirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti, na hapa ndipo ushirikishwaji huo unapopata maana inayoshikika.

Tatu, kamati za maadili zione mkoba wenyewe. Kamati hudai fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoielewa mshiriki, na hufanya vyema. Lakini fomu husomwa mara moja, na mkoba huishi na mtu kwa siku kadhaa. Uwekwe mezani, ufunguliwe, na mjumbe mmoja asiye mtaalamu wa afya aombwe autumie kwa kufuata maelezo peke yake.

Nne, ripoti za tafiti zieleze ni mikoba mingapi iliyotolewa, mingapi iliyorudi, mingapi iliyoharibika, na waliopotea walikuwa watu wa hali gani. Namba hizo zisifichwe katika sentensi moja ya mwisho. Ni sehemu ya matokeo.

Tano, mkoba uwe na njia ya kwenda kwenye tiba. Kumpima mwanamke HPV nyumbani kwake na kumwachia jibu lisilo na mahali pa kwenda ni kumtwisha hofu. Jina la kituo, siku ya kliniki na nauli ya kumfikisha huko ni vifaa vya mkoba kama kijiti chenyewe. Mradi usioweza kuvitia ndani hauko tayari kuanza.

Katika yote hayo tusiwasahau wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mara nyingi mkoba unapokuwa na kasoro, wao ndio wanaoziba pengo: hutembea jioni kukusanya sampuli, hutumia salio lao kupiga simu, na husimama mbele ya majirani kulijibia jina la mradi. Ikiwa njia ya kurudisha mkoba inapita mikononi mwao, basi muda, nauli na salio lao viwe katika bajeti tangu siku ya kwanza.

Kwa wewe unayekabidhiwa mkoba

Msomaji uliye mgonjwa au mshiriki, una haki ya kuuliza kabla ya kuupokea. Uliza: Majibu yangu nitayapata lini, kwa njia gani, na nani mwingine atayaona? Nikikutwa na tatizo nitatibiwa wapi? Nauli ni ya nani? Vifaa vyenye damu nitavitupa wapi bila kuwahatarisha watoto? Sampuli yangu itakaa wapi na kwa muda gani? Nikiacha katikati, je, matibabu yangu ya kawaida yataguswa? Jibu la swali la mwisho ni lazima liwe hapana. Na endapo kuna jambo katika maelezo usilolielewa, au usiloliweza kwa hali ya nyumba yako, liseme bila aibu. Kwa kusema hivyo unamsaidia mtafiti kuliona kosa ambalo peke yake asingeliona, na unawasaidia wale watakaopokea mkoba baada yako.

Kwa wahudumu wa afya, naomba jambo dogo zaidi. Sampuli iliyoharibika inaporejeshwa, kabla ya kuandika kwamba mshiriki hakufuata maelekezo, ulizeni ilikaa wapi, kwa saa ngapi na kwa nini. Andikeni jibu lake kwa maneno yake na mlifikishe kwa wenye mradi. Majibu kumi ya namna hiyo yatamfundisha mbunifu wa mkoba kuliko kikao cha siku mbili hotelini, na mkoba unaofuata utakuwa umekaribia nyumba ya mtu aliyetusaidia kuutengeneza.